Kwa nini tunaikimbia habari chungu? Naanza na magunia yangu 64 ya mwaka 2016

Mchuuzi wa Nafaka (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Kwa wale wa nyumbani Dodoma, mbukwenyi.

Uzi huu nimeukalia miaka. Naandika nikiwa stoo, Majengo. Mahindi mapya yameanza kuingia na kila anayepita mlangoni anauliza bei tu, hakuna anayeuliza yalikaushwa wapi. Ndiyo maana leo nimeshindwa kunyamaza.

Katikati ya mwaka 2016 redio zilianza kutaja ugonjwa usiojulikana huku kwetu. Watu wanatapika, tumbo linajaa, macho yanageuka manjano, wengine wanakufa. Ilitajwa Chemba, ikatajwa Kondoa, ikatajwa Kiteto upande wa Manyara. Baadaye wataalamu wakasema ni sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye mahindi na karanga. Hesabu ya mwisho ilikuwa wagonjwa 68 na vifo 20.

Siku niliyosikia neno "mahindi" kwenye taarifa ile, nilinyoosha mkono nikabadili stesheni. Sikukaa nikaamua kwamba sitaki kusikia, mkono ulitangulia. Stoo nilikuwa na magunia 64, karibu nusu yake ya mkopo. Nikaweka muziki, kisha nikafungua simu kwenye kundi letu la wafanyabiashara, na humo nikakuta nilichokuwa natafuta. Mmoja anasema wanakijiji wamekosea dawa ya kuhifadhia nafaka. Mwingine anasema kuna wakubwa wanataka bei ishuke wanunue wao. Wa tatu kaleta sauti ya mtu asiyejulikana, eti ni mambo ya kishirikina ya huko huko kijijini. Maelezo matatu yanayogongana, na mimi nikayakubali yote matatu siku moja, kwa kuwa hakuna hata moja lililogusa stoo yangu.

Magunia yale yaliisha kabla ya Agosti kwisha. Sikupepeta, sikuchambua, sikupeleka popote kupimwa. Huenda yalikuwa salama. Sitajua kamwe.

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba ilikuwa tamaa ya pesa. Lakini tamaa haielezi mambo mengine ninayoyajua kunihusu. Nimekwepa kupima presha miaka mitatu na huko hakuna mteja wala mkopo. Mjomba wangu ana ufa kwenye ukuta wa nyumba, ameuwekea kabati. Mke wangu anafungua kila ujumbe unaosema "habari njema kwa wapendwa wote", ila ujumbe wa mwalimu wa darasa unalala siku mbili bila kusomwa.

Mimi ninavyoona ni hivi. Habari ile ilinikuta, ikanitia woga, ikaniacha na woga wangu. Redio ilisema mahindi yanaua. Haikuniambia, au mimi sikungoja iniambie, asubuhi nikifungua stoo nifanye nini na gunia la kwanza. Mtu ukimpa woga bila kazi ya mikono atautua popote anapoweza, na pa kuutua karibu kabisa ni kwa yule anayemwambia usijali.

Nataka kusikia kwenu ikoje.

Dereva wa Manyoni

Nafuatilia uzi huu. Mimi ni wa barabarani, nitarudi jioni.

Nesi Mstaafu

Mwanangu, pole kwa mzigo huo, na asante kwa kuutoa hadharani. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 31, mingi yake hapa Kanda ya Kati, na ulichoandika nimekiona kwa macho.

Miaka ya 90 tulikuwa tukiwaita watu waje kupima virusi vya UKIMWI. Hawaji. Wakija, wengine hawarudi kuchukua majibu. Karatasi zinabaki droo nzima. Sisi tukawaita wakaidi, tukasema wanahitaji elimu. Nikikumbuka sasa naumia, kwa sababu mtu yule alikuwa akipiga hesabu vizuri kuliko sisi. Dawa hakuna. Jibu likiwa baya, anachoondoka nacho ni hukumu, na majirani wanaoacha kununua maandazi ya mkewe. Aje kufuata nini?

Dawa za kufubaza virusi zikaanza kutolewa bure kuanzia 2004. Julai 2007 Rais Kikwete na Mama Salma wakapima hadharani Dar es Salaam, kampeni ikashuka mikoani, na mimi nikaziona foleni kuanzia saa moja asubuhi. Watu wale wale, mitaa ile ile. Hatukuwa tumewaongezea akili, isipokuwa sasa nyuma ya habari mbaya palikuwa na kidonge.

Kwa hiyo nakubaliana nawe. "Mficha maradhi kifo humuumbua" ni methali ya kweli, ila nimeisikia mara nyingi mno ikitoka kwa mtu asiye na dawa mkononi.

Kijana wa UDOM

Shikamoo mama. Mkuu Mchuuzi, heshima yako.

Nami nina la kuongeza, na kuna mahali nakupinga.

Kwanza, hatuko peke yetu. Taasisi ya Reuters iliyo Chuo Kikuu cha Oxford huuliza watu wa nchi nyingi, Kenya ikiwemo, kama huwa wanakwepa habari kwa makusudi. Mwaka 2017 waliosema ndiyo walikuwa asilimia 29. Mwaka 2022 wakafika 38, na 2024 wakawa 39. Moja ya sababu kubwa wanazozitaja ni kwamba habari zinawaharibia hali ya moyo. Wengine wanasema kama ulivyosema wewe, kwamba hakuna wanachoweza kufanya nazo.

Sasa ninapokupinga. Kuna utafiti wa mwaka 2009 kuhusu watu wenye hisa Marekani na nchi za Skandinavia. Soko likipanda, wanafungua akaunti zao kuangalia. Soko likishuka, wanaacha kuangalia. Hawa walikuwa na la kufanya, wangeweza kuuza au kushikilia, na bado waligeuza uso. Wataalamu wakaipa tabia hiyo jina la mbuni, kwa ile hadithi ya kuficha kichwa mchangani. (Mbuni wa kweli hafanyi hivyo. Anainamisha kichwa kugeuza mayai kwenye kiota, na anayemwona kwa mbali anadhani kajizika.)

Na wewe mkuu ulikuwa na la kufanya. Ungeweza kumwaga magunia ukachambua. Kwa nini hukufanya?

Mwanasaikolojia Leon Festinger aliandika mwaka 1957 kwamba mtu hawezi kukaa kwa amani na mambo mawili yanayopingana ndani yake. Mvutaji sigara anajua inaua, na anajua kwamba anavuta. Kuacha ni kazi ngumu, kwa hiyo anarekebisha kile anachokijua: babu yangu alivuta akafika miaka 90. Kwako mambo mawili yalikuwa "mimi ni mtu mwema" na "huenda nauza sumu". Mtu hatupi la kwanza. Ukalitupa la pili, na kundi la simu likakusaidia kulibeba hadi mlangoni.

Na la mwisho. Mwaka 2004 ugonjwa huu huu uliwapiga Wakenya wa Ukambani, wagonjwa 317, vifo 125, chanzo mahindi. Ni majirani zetu, miaka 12 kabla ya Chemba. Kwa nini habari ile haikufika kwenye stoo za Dodoma?

Mchuuzi wa Nafaka

Kijana, umenigusa pale ambapo sikupaandika. Ni kweli. Hasara ya magunia ningeimeza. Nimewahi kupoteza zaidi ya hapo kwa mvua. Nilichokuwa sitaki ni kuwa mtu huyo. Ningeanza kuchambua maana yake ningekiri, na ningekiri, ningelazimika kuwaza na yale ya 2015, na ya 2014.

Ya Kenya sikuwahi kuisikia. Au niliisikia nikaibadilisha stesheni pia. Sina hakika tena na masikio yangu.

Mama wa Wawili, Nzuguni

Samahanini, mimi naona mnatuonea wengine.

Nimeacha kuangalia habari tangu mwaka juzi na sijutii. Kwenye simu yangu nina makundi tisa: la familia, la kanisa, la shule, la kikoba, la mtaa. Yote tisa, ajali ikitokea, picha zinaingia saa tano usiku, maiti haijafunikwa, na chini wameandika "tuwaombee". Binti yangu wa miaka saba aliiona moja. Akawa halali, akawa anauliza baba yake akichelewa kama basi limepinduka.

Mnaniambia nisikimbie. Nifanye nini na maiti ya mtu nisiyemjua, usiku, na mtoto ubavuni? Nimejitoa makundi manne, na jioni naweka mahubiri na nyimbo. Nyumba imetulia. Kama huko ni kujificha, basi najificha.

Nesi Mstaafu

Mama wa Wawili, usijisikie vibaya hata kidogo. Ulichofanya ni kulinda mtoto.

Tena kuna ushahidi upande wako. Aprili 2013 yalilipuka mabomu kwenye mbio za marathoni Boston, Marekani. Watafiti walipolinganisha watu wakakuta kwamba waliokaa wakifuatilia habari za tukio lile saa sita au zaidi kwa siku, wiki ile ya kwanza, walikuwa na msongo mkali kuliko hata waliokuwepo pale mabomu yakilipuka. Picha inayorudiwa rudiwa haimpi mtu maarifa mapya, inamjeruhi upya tu.

Ila nikuulize kitu kama mama kwa mama. Katika makundi manne uliyojitoa, lile la shule lilikuwemo?

Mama wa Wawili, Nzuguni

Lilikuwemo, mama. Na ndiyo, matokeo ya mwanangu mkubwa niliyajua mwezi mzima baadaye. Nimeelewa unakonipeleka. Nitarudi kwenye lile moja.

Dereva wa Manyoni

Nimefika, nimekula, sasa naandika.

Mnaongea habari za redio na tafiti, mimi niseme la mama mkwe wangu. Ana sukari. Kliniki anapoenda anaamka saa kumi usiku, anapanga foleni hadi saa sita, anafika mbele ya mtu ambaye hajainua macho kwenye daftari: "Mama imepanda, hufuati masharti, njoo mwezi ujao." Basi. Dakika tatu.

Kuna muuza dawa za mitishamba anayepita na spika kwenye pikipiki. Yeye anashuka, anamwamkia, anamuuliza wajukuu wanaendeleaje, anamjua kwa jina. Anamwambia sukari inapona kwa siku 21. Mimi najua haiponi hivyo. Mama mkwe, nadhani, ndani kabisa naye anajua. Lakini ukimuuliza kwa nini anatoa hela anasema, "Yule kijana anaongea na mimi."

Tukitaka kujua kwa nini watu wanaenda kwa wanaowabembeleza, tuangalie na namna wale wenye ukweli wanavyoongea na watu. Ukweli ukija na dharau, uongo ukija na shikamoo, bibi wa miaka 68 atachagua wapi?

Kijana wa UDOM

Mkuu Dereva, hilo halimo kwenye vitabu nilivyosoma na lilipaswa kuwemo.

Niongeze na ukimya. Mwaka 2020 takwimu za Korona hapa kwetu zilisimama mwishoni mwa Aprili, wagonjwa 509 na vifo 21, zikakaa hivyo zaidi ya mwaka. Sizungumzii siasa. Nazungumzia nyumbani kwetu: pale namba zilipokosekana, nafasi haikubaki wazi. Iliingia nyungu, zikaingia sauti za kutumiwa, akaingia kila mwenye la kufariji. Mzee wangu alijifukiza hadi akaungua bega. Mtu hawezi kukaa na swali tupu.

Mzee wa Kongwa

Vijana wangu, mimi nina umri wa kutosha kuwaambia kwamba ugonjwa huu si wa watu wadogo peke yao. Kijana aliuliza kwa nini habari haifiki. Wakati mwingine inafika, ikakuta mkubwa ameziba masikio.

Baba yangu alikuwa kibarua kwenye mradi wa karanga wa Waingereza hapa Kongwa. Baada ya vita walikosa mafuta ya kupikia kwao. Mwaka 1946 wakaleta ujumbe, ukazunguka wiki 9 tu, sehemu kubwa ya ardhi wakiitazama kutoka kwenye ndege. Kutoka juu waliona nchi tambarare, tupu, haina watu. Wakaandika kwamba inafaa, wakapanga kulima zaidi ya ekari milioni 3 za karanga, sehemu kubwa huku kwetu: Kongwa, Urambo na kule Nachingwea.

Swali ambalo Mgogo yeyote angewajibu bure ni hili: kwa nini ni tupu? Kwa sababu maji hakuna. Ugogo ina kumbukumbu ya njaa baada ya njaa. Ile ya mwisho wa Vita ya Kwanza ya Dunia ina jina lake, Mtunya, na wazee walikuwa wakiitaja kwa sauti ya chini.

Matrekta yalipokuja mwaka 1947 yakavunjikia kwenye mizizi na mibuyu. Udongo wa mfinyanzi wakati wa kiangazi ukawa kama saruji, karanga hazing'oki. Baba alikuwa akisimulia kwamba wao vibarua walijua tangu msimu wa kwanza, na mafundi wa kizungu waliofanya nao kazi shambani nao walijua. Huko juu maneno yaliendelea kuwa mazuri. Mpango ulipunguzwa, ukapunguzwa tena, hadi Januari 1951 walipotangaza kuuacha. Ziliteketea pauni milioni 36 hivi.

Hawa walikuwa na wataalamu, ndege, redio za mawasiliano, bunge. Kwa hiyo mwanangu Mchuuzi, mkono wako uliobadili stesheni nimewahi kusikia habari zake, ulikuwa mkono mkubwa zaidi.

Binti wa Mpwapwa

Shikamoo mzee. Shikamoo mama Nesi.

Nimesoma uzi wote nikakumbuka jinsi tunavyosalimiana. "Habari za nyumbani?" "Nzuri." Hata kama nyumbani kuna mgonjwa, utasema nzuri, kisha utavuta pumzi: "...ila mtoto anaumwa kidogo." Habari kwetu lazima iwe nzuri kwanza. Nilikuwa nadhani ni kawaida ya kuficha ficha. Sasa sidhani hivyo.

Baba alipofariki nilikuwa Mwanza. Hakuna aliyenipigia kusema amefariki. Kaka alisema, "Mzee amezidiwa, njoo." Nauli ilikuwa imeshatumwa kwa dereva, si kwangu. Nilipofika Dodoma stendi nikamkuta shangazi, amekuja kutoka Mpwapwa kunipokea, amevaa khanga mbili. Hakusema neno. Alinikalisha, akanipa maji, akanishika mkono. Nilijua kabla hajafungua mdomo, na nilipojua nilikuwa tayari nimekaa chini na kuna mtu amenishika.

Huko si kudanganywa. Wazee walijua kwamba habari ya aina ile haibebwi na mtu aliyesimama peke yake barabarani. Waliificha kwa saa 12 ili inifikie mikononi mwa mtu.

Mwaka jana amefariki mama mdogo. Nimejua kwa kuona picha yake kwenye status ya binamu, mshumaa na maneno ya pumzika kwa amani, nikiwa kwenye daladala nimesimama. Nilishuka kituo ambacho si changu.

Nadhani watu wengi hawakimbii ukweli, wanaikimbia ile daladala.

Dereva wa Manyoni

Dada, pole sana. Nimelazimika kuweka simu chini kidogo.

Mkulima wa Chemba

Nimeusoma uzi huu tangu mwanzo nikasema sitachangia. Lakini Chemba imetajwa mara kadhaa na hakuna wa Chemba aliyeongea.

Mchuuzi, sikuja kukuhukumu. Watu wa ukoo wangu walizikwa mwaka ule na sitaki kueleza zaidi. Nataka kueleza habari ilivyotufikia sisi.

Kabla ya redio tulikuwa na misiba. Tukadhani ni maji, tukadhani ni mtu. Kisha yakaja magari. Wakachukua damu, wakachukua mahindi kwenye vikopo, wakauliza maswali. Baadaye tukatangaziwa: mahindi yenu yana sumu, msiyale. Ni sawa, ni kweli, ndivyo ilivyokuwa. Lakini mjue huku mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na kilichovunwa Mei ndicho unachokula hadi Mei nyingine. Unaniambia chakula changu chote cha mwaka ni sumu. Ni cheupe, hakinuki, hakina ladha tofauti, na ukikipika sumu haitoki. Watoto wanalia njaa sasa hivi. Nimwambie nini mama yao?

Kuna waliosema ni uzushi. Nilikuwa miongoni mwao kwa wiki mbili. Haikuwa ujinga na haikuwa kiburi. Ningeiamini siku ile, jioni yake tungelala njaa. Nisingeiamini, tungekula. Ndivyo tulivyochagua. Mama Nesi ameeleza vizuri, karatasi za kwenye droo.

Kilichonibadilisha ni mwanamke mmoja, mtaalamu wa kilimo. Alifika kwangu bila kipaza sauti. Akaomba ungo. Akakaa chini na mke wangu wakaanza kuchambua: zilizovunjika kando, zenye rangi kando, zilizotobolewa na wadudu kando, zile nyepesi zikapepetwa. Kutwa nzima. Alituambia wazi kwamba ungo hauondoi sumu yote, unapunguza tu, kwa kuwa punje mbovu ndizo zinazobeba nyingi. Akauliza tulianika wapi. Tukamwonyesha: chini, kwenye udongo. Akauliza kwa nini tuliingiza ndani kabla hayajakauka. Tukamwambia ukweli, tunaogopa wezi. Hakutucheka. Akasema nunueni turubai, laleni nayo nje kwa zamu.

Na akatufundisha chupa. Nawafundisha na nyie. Chukua chupa ya kioo kavu yenye kifuniko. Weka chumvi kavu, weka punje za mahindi, funga, tikisa kwa nguvu, acha dakika 15. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, usiyaweke kwenye gunia. Ikianguka chini yote, yamekauka vya kutosha kuhifadhi. Chupa haikwambii kama sumu ipo. Inakwambia kama unaitengenezea nyumba.

Sasa hivi eneo langu kubwa nimerudisha mtama na uwele, chakula cha babu zetu, havishikwi na kuvu hili kwa urahisi kama mahindi. Mahindi nalima kidogo ya kuuza. Na ninapoyaleta soko la Kibaigwa yakiwa makavu, yamechambuliwa, mnaniambia bei ni ile ile ya yule aliyeanika barabarani. Nyie wanunuzi hamtaki kujua. Tusiongee ya 2016 tu.

Mzee wa Kongwa

Mchuuzi, hapo umeulizwa wewe.

Mchuuzi wa Nafaka

Nimeona. Nipeni siku kadhaa.

Mchuuzi wa Nafaka

Siku ya nne. Nimerudi.

Juzi niliwaita wenzangu watano wenye stoo jirani. Nilinunua chupa sita za kioo, zile za tomato sosi, nikaziosha nikazianika juani kutwa. Kila mtu akaleta kopo la mahindi kutoka kwenye gunia lake mwenyewe, na mimi la kwangu. Nikawaambia tu: hii inaonyesha kama yamekauka, mwanangu mmoja wa Chemba kanifundisha, tuone. Sikutaja neno sumu mwanzoni. Hapo nilimfuata dada wa Mpwapwa: nilitaka wawe wamekaa kwanza.

Mmoja alitoka kupokea simu kabla chupa haijatikiswa, hakurudi. Nilimwelewa kuliko alivyojielewa. Chupa yake niliitikisa hata hivyo lakini sikuitazama, nimemwekea na kifuniko chake.

Katika tano zilizobaki, chumvi ilianguka kwenye tatu. Kwenye mbili iligandia hadi juu. Moja ya hizo mbili ni yangu.

Nitasema kilichotokea mwilini mwangu kwa sababu ndiyo sababu ya uzi. Mkono ulitaka tena. Nilisikia sauti ikisema labda chupa ilikuwa na unyevu, labda chumvi ndiyo mbichi. Lakini chupa tulianika pamoja, chumvi ni ya pakiti moja, na watu wanne walikuwa wananitazama. Na nilikuwa najua la kufanya, lilikuwa limeandikwa humu humu na Mkulima. Ikapita. Ilichukua kama dakika moja.

Mwenzangu wa chupa ya pili aliuliza, "Sasa?" Nikamwambia turubai ninazo mbili. Ndipo nikawaeleza habari ya 2016, yote, hadi ya magunia 64. Mmoja akasema na yeye alikuwa na 110.

Mkulima, kuhusu bei, siwezi kusemea soko zima. Nasemea stoo yangu: chupa iko juu ya meza pale ninapolipia watu, na ambaye mahindi yake yatafaulu kwenye chupa nitamwongezea bei ya gunia, wengine watatu wamesema watajaribu nami msimu huu. Ukija Kibaigwa niandikie faragha, nitakufuata.

Na jana nimepima presha. 158 kwa 96. Nimepewa dawa na tarehe ya kurudi.

Nesi Mstaafu

Dawa hiyo usiiache hata ukijisikia mzima. Nitakuuliza humu kila mwezi.

Mama wa Wawili, Nzuguni

Kaka, na yale mahindi yaliyogandia chumvi, mmeyauza?

Mchuuzi wa Nafaka

Hayajauzwa, dada. Magunia 23 yamemwagwa juu ya turubai nyuma ya stoo, wamama wanne wanayachambua kwa ungo. Yakikauka, sampuli inakwenda kupimwa sumu yenyewe kabla gunia hata moja halijashonwa. Kesho saa nne tunatikisa tena.